Mchumi Alimhesabu Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya kidato cha sita hapa Morogoro, mbele ya wahitimu wa michepuo yenye somo la uchumi (EGM, ECA na HGE), pamoja na wazazi na walimu wao. Waliokosa kufika wameiomba, hivyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, nanyi wanangu mnaohitimu leo: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu wote, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya wachumi: kazi yao ni ipi, na mawazo yao yana uzito gani kwetu. Nimelipokea ombi hili kwa moyo mkunjufu, maana somo hili nimelifundisha miaka mingi na bado nalipenda. Lakini leo sitawasomea ufafanuzi. Ufafanuzi mmeukariri vya kutosha, na mtihani mmeshaumaliza. Nataka mtoke hapa na swali moja tu. Mchumi yeyote akija na takwimu, awe wa wizara, wa benki, wa chuo kikuu au wa shirika la ng'ambo, muulizeni: katika hesabu hii umemhesabu nani? Na nani hayumo?

Umemhesabu nani, na nani hayumo? Mtanisikia nikilirudia hadi mlichoke.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Wastani wa pato la kila mtu kwa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Mnakumbuka shangwe zile? Na mnakumbuka vijiweni, kwenye kahawa, watu walivyokuwa wakiulizana: "Kipato cha kati kipi, mbona mimi sikioni?" Wapo wasomi waliolipuuza swali hilo, wakaliita la mtu asiyejua uchumi. Mimi nasema lile ni swali la kiuchumi kabisa! Wastani ni jumla ya pato la nchi ikigawanywa kwa idadi ya watu. Hauwezi kukwambia kilicholala kwenye kibubu cha mama lishe wa Msamvu.

Na hiyo jumla yenyewe inatoka wapi? Haiokotwi barabarani. Kuna watu wanaokaa na kuamua kipi kiingie kwenye hesabu na kipi kibaki nje. Mwezi Novemba 2010 Ghana walibadilisha mwaka wao wa msingi wa kukokotolea pato la taifa, yaani mwaka ambao bei zake na sura ya uchumi wake ndizo kipimo, na uchumi wao ukaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko ulivyodhaniwa. Aprili 2014 ikawa zamu ya Nigeria. Walikuwa bado wanatumia mwaka wa msingi wa 1990, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa haijafika kwao na biashara ya filamu ilikuwa haijashika kasi. Walipohamia mwaka 2010, pato la taifa likapanda kwa asilimia 89, na Nigeria ikaipita Afrika Kusini kwa ukubwa wa uchumi. Je, siku ile kuna mtu Lagos aliyeamka akakuta chakula kimeongezeka jikoni? Hakuna. Kilichotokea ni kwamba kazi za mamilioni ya watu, ambazo zilikuwapo siku zote, sasa zilipata safu yake kwenye jedwali.

Wanangu, sisemi takwimu ni uongo. Nimewafundisha kuziheshimu na sibadiliki leo. Nasema takwimu ni jibu, na kila jibu lina swali lililolitangulia. Simon Kuznets, mmoja wa waasisi wa hesabu hizi, aliionya Seneti ya Marekani mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuupima kwa pato lake. Mwasisi mwenyewe alionya! Waliokuja baada yake wakaichukua hesabu wakaliacha onyo.

Sasa niwape kisa cha binti mmoja ambaye jina lake halimo kwenye mtaala wenu, na linanisikitisha jambo hilo.

Mwaka 1941, vita ya pili ya dunia imepamba moto, London kulikuwa na wachumi wawili vijana, Richard Stone na James Meade, waliokuwa wakitengeneza utaratibu wa kukokotoa pato la taifa la Uingereza ili serikali ijue ina uwezo gani wa kupigana. Wote wawili baadaye walipata tuzo ya Nobel. Utaratibu ulipokamilika, wakataka ujaribiwe kwenye makoloni. Kazi hiyo akapewa binti wa miaka 23, Phyllis Deane. Makoloni aliyopewa ni Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, pamoja na Jamaika.

Alianza na makaratasi akiwa London. Kisha, vita ilipokwisha, akasafiri mwenyewe hadi vijijini huku Afrika ya Kati. Aliwakuta akina mama wanalima, wanatafuta kuni, wanachota maji, wanatwanga, wanapika. Kwa utaratibu aliopewa London, sehemu kubwa ya kazi hiyo haina bei, kwa hiyo haimo. Deane akakataa. Akasema ukiliacha nje suala la kuni na la kuandaa chakula, umeacha sehemu kubwa ya uchumi wa kijiji, na huwezi kudai umeupima. Hakusema hivyo kwa huruma. Alisema kwa sababu ya hesabu. Alikuwa anadai hesabu iwe sahihi!

Je, alisikilizwa? Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulipotoa kanuni za dunia nzima za hesabu za taifa, mapishi, kuni na malezi vilibaki nje. Ilichukua hadi 1993 kanuni zikarekebishwa, na kuchota maji na kukusanya kuni vikakubaliwa kuwa ni uzalishaji. Kupika na kulea watoto bado havimo. Akina mama mlioko hapa, nisikilizeni: ukimwajiri dada wa kazi akakupikia, mshahara wake unaingia kwenye pato la taifa. Ukipika wewe mwenyewe, hakuna kilichozalishwa. Chungu ni kilekile, watoto ni walewale.

Mnaweza kusema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya vitabuni, yana madhara gani?" Madhara yapo. Mpango wa bajeti hufuata kinachoonekana. Saa ambazo binti anatumia kwenda bombani au kisimani, kama hazihesabiki popote, basi mradi wa maji unapopigwa mizania na mradi mwingine, faida yake inaonekana ndogo. Ndiyo maana nilifurahi sana Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu ilipoanza kuuliza, katika tafiti zake za nguvu kazi, watu wanatumiaje muda wao wa siku. Hiyo ni kazi ya uchumi iliyotukuka. Karani anayekaa na mama na kumuuliza, "Kuanzia alfajiri umefanya nini?" anafanya kazi kubwa kuliko wengi wanaochambua masoko ya hisa kwenye televisheni.

Tuendelee. Nataka kuwapeleka Bengal, India, mwaka 1943.

Mwaka huo Bengal ilipatwa na njaa iliyoua watu kati ya milioni mbili na tatu. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyeshuhudia watu wakipita nyumbani kwao wakiomba chakula. Babu yake alimruhusu awape mchele, kipimo cha kopo moja la sigara kwa kila familia. Mtoto huyo ni Amartya Sen. Alipokuwa mtu mzima, akawa mchumi, akarudi kwenye swali lililokuwa limemkaa moyoni: kwa nini wale watu walikufa?

Jibu la wakubwa lilikuwa rahisi: chakula kilikuwa kidogo. Sen akazipekua takwimu za mavuno. Alichokuta kiliwashangaza wengi. Chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia tano tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Zaidi ya hapo, kilizidi cha mwaka 1941 kwa asilimia 13, na mwaka 1941 hapakuwa na njaa! Sasa jamani, watu walikufaje wakati mchele upo?

Walikufa kwa sababu bei ilipanda na ujira wao haukupanda. Serikali ya kikoloni ilikuwa inamwaga fedha kwenye maandalizi ya vita, na jiji la Calcutta lilikuwa linapewa chakula cha bei nafuu ili viwanda na ofisi zisisimame. Boti za wavuvi na wasafirishaji zilikuwa zimechukuliwa au kuharibiwa kwa kuhofia Wajapani, ambao walikuwa wameshaiteka Burma. Kibarua wa shamba, mvuvi, kinyozi wa kijijini, hawa hawakulima mpunga wao wenyewe. Waliishi kwa kuuza jasho lao na kununua mchele. Bei ilipowapita, wakabaki wanautazama. Kwa macho ya serikali, chakula kilitosha kwa mkoa mzima. Hakuna aliyeuliza kinamtosha nani.

Mimi nikisoma kisa hiki huwa nafikiria mahindi yetu. Nchi hii ina mikoa inayolisha wengine: Rukwa, Ruvuma, Mbeya, Iringa. Mwaka wenye mvua nzuri, mkulima wa Sumbawanga anakosa mnunuzi, magunia yanaliwa na wadudu. Mwaka huohuo, kuna wilaya ya ukame mtu anapima debe kwa machozi. Zaidi ya mara moja serikali imezuia mahindi yasitoke nje ya nchi, ikiwamo mwaka 2011 na mwaka 2017, kwa nia ya kulinda chakula cha wananchi. Nia ni njema, sibishani nayo. Lakini zuio linaposhusha bei, anayelipa gharama ya nia hiyo ni nani? Ni mkulima, ambaye naye ni mwananchi. Mpangaji wa Manzese anaomba bei ya sembe ishuke. Mkulima wa Namtumbo anaomba ipande, alipe ada ya mtoto. Wote wawili wana haki. Mchumi akisimama akakwambia "zuio lina faida kwa taifa" au "zuio lina hasara kwa taifa", mwambie: taja watu. Taifa hilo ni yupi kati ya hawa wawili?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza, na hapa nitakaa. Wazee mlioko hapa mlikuwapo. Ninyi wanangu hamkuwapo, na mnachoambiwa kuhusu miaka ile ni kidogo mno.

Miaka ya mwisho ya 1970 nchi hii ilipigwa kutoka pande zote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Bei nzuri ya kahawa tuliyoipata mwaka 1976 na 1977 ikaanguka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukaingia vitani hadi mwaka uliofuata, na vita ni gharama. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa tena. Fedha za kigeni zikaisha. Waziri wa Fedha alikuwa Edwin Mtei, yule aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu ilipoanzishwa mwaka 1966. Mtei alizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa kutafuta mkopo. Shirika likaweka masharti, na miongoni mwake ni kushusha thamani ya shilingi. Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu Nyerere akakataa. Mtei akajiuzulu, Desemba 1979.

Wiki chache baadaye, katika hotuba ya mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu aliuliza ni lini shirika lile lilipata kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima, na ni lini mataifa yalikubali kulikabidhi mamlaka yao ya kuamua. Swali zito lile! Hadi leo halijajibiwa vizuri.

Nataka mwone jambo moja. Hawa hawakuwa mzalendo mmoja na msaliti mmoja. Wote waliipenda nchi. Walitofautiana juu ya nani ataumia.

Hebu tutulie tuichambue shilingi. Kama dola moja rasmi ni shilingi chache, basi mkulima wa kahawa wa Moshi au wa korosho wa Newala, ambaye zao lake linauzwa nje kwa dola, anarudishiwa shilingi chache. Na yule mwenye kibali cha kuagiza bidhaa nje anapata dola kwa bei ya bure. Kwa hiyo shilingi iliyoshikiliwa juu ilikuwa inamtoza mkulima kodi ambayo haikuandikwa kwenye sheria yoyote. Mkulima hakuandamana. Alijibu kwa njia yake: alipunguza kuhudumia mibuni, au zao likavushwa mpaka usiku. Mtei alikuwa anamwona mkulima huyo.

Upande wa pili, ukishusha shilingi, dawa ya hospitali inapanda bei, mafuta ya lori yanapanda, nauli inapanda, na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi unabaki palepale. Mwalimu Nyerere alikuwa anamwona huyu.

Mabishano yaliendelea miaka sita na zaidi, na wananchi wakiishi ndani yake. Wazee, mnaikumbuka foleni ya sukari? Mnakumbuka kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni? Mnakumbuka maduka ya kaya, mnafika mnaambiwa "imeisha", huku mlanguzi anayo uani? Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wakakamatwa, na wengine wakatupa bidhaa usiku kwa hofu. Lakini sabuni haikuongezeka nchini kwa kumkamata aliyeificha. Uhaba ulikuwa umeanzia kwenye bei na kwenye viwanda visivyo na vipuri.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Uchumi, moto uliwaka. Vijana kama Benno Ndulu na Ibrahim Lipumba walisema waziwazi kwamba bei zirekebishwe na mkulima alipwe stahiki yake. Serikalini alikuwapo Profesa Kighoma Malima, mchumi pia, msomi wa hali ya juu, aliyekuwa na mashaka makubwa na masharti yale. Wachumi kwa wachumi, wote wamesoma nadharia zilezile! Kwa nini walitofautiana? Swali kubwa lilikuwa hili: ukimwongezea mkulima bei, ataongeza uzalishaji kweli, wakati barabara mbovu, pembejeo hakuna na hata sabuni ya kununua kwa hizo fedha haipo? Hilo halijibiwi kwa kuchora mikunjo ya ugavi ubaoni. Linajibiwa shambani.

Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Rais, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini. Shilingi ikashuka kutoka chini ya 20 kwa dola mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya 50 mwishoni mwake. Bidhaa zikarudi madukani. Hilo ni kweli, na anayelikana hawatendei haki waliokuwa wakipanga foleni. Uchumi ukaanza kukua tena. Hilo nalo ni kweli.

Lakini nani hakuhesabiwa? Katikati ya miaka ya 1980 ada na michango zilikuwa zimerudi kwenye shule za msingi. Mwaka 1993 ikaja kuchangia gharama hospitalini. Maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazini. Nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikaribia kumfikisha kila mtoto darasani, miaka ya 1990 ikaona sehemu ya watoto walioko shuleni ikishuka. Inashuka! Katika nchi iliyokuwa imejisifu, na kwa haki, kwa kufuta ujinga. Mizania ya malipo, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini, ilikuwa inatibiwa, bajeti ilikuwa inatibiwa, na binti wa darasa la tatu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hakuwa na mstari wake kwenye jedwali lolote la wale mabwana wa Washington, yaliko makao ya Shirika la Fedha.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu halikuwa la lazima. Mwaka 1987 UNICEF ilichapisha kazi ya wachumi watatu, Giovanni Andrea Cornia, Richard Jolly na Frances Stewart, walioonyesha kwamba inawezekana kurekebisha uchumi huku ukilinda chakula, shule na afya za watoto, na kwamba isipofanyika hivyo hasara yake hairudishiki. Sauti ilikuwapo. Ilichelewa kusikilizwa. Ada ya shule ya msingi ikafutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, madarasa yalifurika. Yalifurika! Kumbe wazazi hawakuwa wamepuuza elimu, kama wengine walivyodai. Walikuwa hawana fedha.

Mkiniuliza mimi nasimama wapi, nitawajibu bila kuzunguka. Mtei alikuwa sahihi juu ya shilingi, na miaka sita ya kuchelewa ilimuumiza mkulima maskini kuliko mtu mwingine yeyote. Na wale waliohofia shule na zahanati walikuwa sahihi juu ya shule na zahanati. Tungeweza kuwasikiliza wote wawili mapema. Nchi haikulazimika kuchagua kati ya sabuni na elimu.

Waliotetea ada na michango hiyo walikuwa na dai moja: kwamba watu huthamini wanachokilipia. Hadi leo nalisikia kwenye vikao. Na hapa nawaletea habari njema kutoka kwa majirani zetu, magharibi mwa Kenya. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, badala ya kubishana, walikwenda kwenye zahanati za kliniki ya wajawazito. Baadhi wakapewa vyandarua bure, wengine wakauziwa kwa bei ndogo tofauti tofauti, ya juu kabisa ikiwa haifiki hata dola moja. Utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Je, waliopewa bure walivigeuza nyavu za kuvulia samaki? Hapana, walivitumia sawasawa na walionunua. Tofauti ilikuwa kwamba bei ndogo ya senti 60 za dola iliwafukuza wengi: katika kila wajawazito 100 ambao wangechukua chandarua cha bure, wengi wao hawakukinunua. Hebu fikirini, ni miaka mingapi tuliambiwa tuchangie ili tuthamini?

Na Busia, hukohuko Kenya, mchumi Michael Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada mashuleni miaka ya 1990. Nani angepinga vitabu? Mimi mwalimu ningeshangilia. Matokeo yalipotoka, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilifika mezani, mtoto hakukifikia. Baadaye Kremer na Edward Miguel wakajaribu dawa za minyoo katika shule 75 za eneo hilo. Utoro ukapungua kwa takriban robo, na hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Kuna wataalamu waliozipekua upya takwimu hizo wakabishana nazo vikali, na ni vizuri, ndivyo elimu inavyojengwa. Kremer alipata Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mnaona mchumi anavyofanya kazi akiwa na heshima kwa watu? Anakuja na wazo lake zuri, anakubali kijiji kimwambie kwamba halifai.

Wazazi wangu, najua kuna swali mnalo moyoni: mtoto akisoma uchumi, ataajiriwa wapi? Si wote watakaa Benki Kuu. Wala si lazima. Nchi hii ina halmashauri nyingi, na kila moja inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 utaratibu ukarekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Nani anafuatilia ilimfikia nani? Kikundi kipi kilikuwa cha kweli, kipi cha makaratasi? Mama mwenye mtaji wa ndoo mbili za nyanya alifika dirishani, au alirudishwa kwa kukosa katiba ya kikundi? Hiyo ni kazi ya mchumi, na afisa mipango mmoja mwaminifu wilayani anaweza kubadili maisha ya kata nzima.

Wanangu, mna miezi kadhaa kabla ya chuo. Msiimalize yote kwenye simu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mlio mijini mna mikutano ya mtaa. Nendeni. Kaeni mbele na daftari. Mtendaji akisoma "miradi imenufaisha wananchi 1,200", nyoosha mkono kwa adabu, simama, msalimu mwenyekiti, kisha uliza: hao 1,200 wamehesabiwaje, na kitongoji cha bondeni kimo?

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mkuu wa shule ameniambia tuna nusu saa ya maswali kabla ya chakula, na ningependa waanze akina mama.